Santuri 262 za Shangazi: shajara ya kuzitia kwenye kompyuta

Jumamosi, 11 Januari 2025

Hesabu imetimia leo saa kumi jioni. Masanduku manne na kapu moja la ukili, vyote kutoka uvunguni mwa kitanda cha Shangazi: santuri 214 za mizunguko 45 kwa dakika, LP 31, yaani zile kubwa za nyimbo nyingi, na 17 nzito za mizunguko 78 ambazo nimezishika kama mayai. Jumla 262. Nyingi zina lebo ya Mzuri ya Mombasa, chache Polydor, na kati ya zile nzito zimo zenye yule mbwa wa HMV anayesikiliza gramafoni. Hata nyimbo za vikundi vya hapa hapa Tanga zimeandikwa Kenya pembeni. Enzi hizo Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Utepe ulivuka mpaka, sauti ikarudi ikiwa plastiki.

Ndizo zilizokuwa zikipigwa kwenye hoteli yake Ngamiani, chai na vitumbua asubuhi, pilau mchana, taarab kutwa. Hoteli ilishafungwa na gramafoni ilikufa kabla mimi sijaanza shule. Shangazi anasema anazikumbuka zote kwa maneno, ila sauti zinaanza kumtoka.

Watoto wa ukoo tumechanga shilingi milioni moja na nusu, na ubishi kwenye kundi la WhatsApp umeshaanza. Kila mtu anataja kompyuta mpya. Nimewajibu kwa hesabu. Dakika moja ya stereo, kwa biti 24 (ukubwa wa kila kipimo cha sauti) na kilohezi 96 (vipimo 96,000 kwa sekunde), ni megabaiti 35 hivi. LP nzima ya dakika 40 haifiki gigabaiti moja na nusu. Santuri zote 262, kwa makisio yangu, zitakula kama gigabaiti 110. Laptopu yangu ya miaka saba inaweza kazi hiyo huku inasinzia, na hadi diski ya terabaiti moja itabaki nyeupe.

Kwa hiyo suala si kompyuta. Suala ni ile njia yote: sindano, kichwa kinachogeuza mtikisiko wake kuwa umeme, mkono, waya, priamplifaya ya kuukuza umeme huo, kadi ya sauti ya kuugeuza namba, ndipo kompyuta. Nataka kujua pesa zianzie upande gani. Nina hisia zianzie upande wa sindano, lakini sijathibitisha.

Jumapili, 19 Januari

Jaribio la bure. Jirani kanunuliwa na mjukuu wake ile mashine ya santuri ya kisasa iliyo kama begi la safari, ina spika ndani na mpini wa kubebea. Kaniazima. Nikachomeka waya kutoka tundu la hedifoni la begi hadi tundu moja la laptopu, nikaweka santuri iliyoharibika ambayo Shangazi aliniruhusu kuichezea.

Sauti iliingia upande mmoja tu. Tundu la laptopu za siku hizi limetengenezwa kwa hedifoni zenye maikrofoni ya kuongea na simu, kwa hiyo linapokea sauti ya njia moja. Tena kompyuta ilidhani anayeimba ni mtu yuko mkutanoni: akinyamaza inapandisha sauti, fidla ikiingia inaishusha. Wimbo ukawa unapumua kama mgonjwa wa pumu. Nilipozima yale marekebisho kwenye mipangilio ya Windows kupumua kukaisha, ukabaki mchakarisho.

Kilichonitisha hasa kilikuwa kingine. Nilipita kwa sonara wa mtaani kuazima mzani mdogo wa dhahabu, nikailaza sindano ya begi juu ya kisahani chake. Gramu 5.6. Vichwa vizuri vya sumaku hutaka gramu 2, pengine chini kidogo. Uzito huo unakaa juu ya ncha ndogo kuliko unywele, na ncha inapita kwenye mfereji wa plastiki. Kila ukipiga unachonga upya.

Nikamsimulia Shangazi, akacheka. Kaingia chumbani, katoka na senti hamsini ya zamani, ile ya sungura.

"Hii ndiyo ilikuwa dawa. Santuri ikiruka, unaigundisha juu ya kichwa."

Nikaipima: karibu gramu 4. Ongeza juu ya sindano ambayo tayari ilikuwa nzito. Sasa najua kwa nini santuri zilizopendwa sana ndizo zenye sauti iliyosagika. Sikumwambia hivyo.

Jumamosi, 25 Januari

Nimefanya pupa. Kuna mtu anauza vitu vya kontena kutoka Marekani, na kati ya friji na baiskeli za mazoezi nikaona mashine ya santuri nzuri ajabu, ya mkanda, mkono umenyooka, kifuniko hakina hata mkwaruzo. Shilingi 90,000. Chini imeandikwa volti 120, hezi 60. Muuzaji akasema, "Hiyo unaiwekea transfoma tu." Nikaongeza 35,000 ya transfoma ya kushusha umeme, nikaja nayo nyumbani kwenye bajaji nikiwa nimeipakata.

Inazunguka. Haina kelele. Mwanamke kwenye santuri anaimba kama mwanamume aliyefiwa.

Jumapili, 26 Januari

Nimebandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, nikahesabu kwa saa ya simu. Kwa dakika moja, pale panapotakiwa mizunguko 45, nimepata 37 na nusu. Nikarudia. 37 na nusu.

Gawa 50 kwa 60, zidisha kwa 45. Utaipata hiyo hiyo.

Mota ya mashine ile inafuata mapigo ya umeme. Marekani umeme unapiga mara 60 kwa sekunde, kwetu 50. Transfoma inashusha volti kutoka 230 kwenda 110, lakini mapigo haiyagusi. Mashine itazunguka pungufu ya moja ya sita mpaka siku ya kiyama, na sauti itashuka nusu-toni tatu na ushee.

Zipo njia mbili za kujiokoa. Ya kwanza ni kwenda kwa fundi wa kerezo akanichongee kijigurudumu cha shaba cha kushikia mkanda, kinene kwa moja ya tano kuliko cha sasa. Hilo linawezekana. Ya pili ni kuacha irekodi polepole, halafu kuiambia programu iharakishe asilimia 20. Watu wa kundini wameipenda hii kwa kuwa haina gharama, na nusura niipende mimi.

Kinachoikataza ni hiki. Sauti haichongwi kwenye santuri kama ilivyotoka kinywani. Besi hupunguzwa makusudi, la sivyo mfereji ungeyumba ukaingia kwenye mfereji wa jirani. Sauti nyembamba hupandishwa ili zipite juu ya mchakarisho. Tangu 1954 viwanda vilikubaliana juu ya kipimo kimoja, kinaitwa RIAA: chini kabisa sauti inashushwa karibu desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), juu kabisa inapandishwa karibu kiasi hicho hicho. Priamplifaya ndiyo inayorudisha kila kitu mahali pake, na inafanya hivyo ikiamini santuri inazunguka kwa mwendo wake. Ukipiga polepole, sauti zote zimehama, priamplifaya inasahihisha mahali sipo. Ukija kuharakisha baadaye, mwendo utakaa sawa ila sura ya sauti itakuwa imepinda. Unaweza kuipindua kwa hesabu, lakini kwa santuri 262, nani?

Muuzaji hakunidanganya. Alisema alichojua. Mimi nilisoma hezi 60 kwa macho yangu na nikapita.

Jumamosi, 8 Februari

Binamu yangu yuko Maskati na anakuja mwisho wa mwezi. Kanipigia kuuliza aniletee nini, halua au perfyumu. Nikamwambia mashine ya santuri. Kimya kidogo, halafu, "We mzima?"

Oman umeme ni wa volti 240, hezi 50, na plagi ni hizi hizi zetu za pini tatu bapa. Kinachofanya kazi Maskati kinafanya kazi Tanga bila transfoma. Ningelifikiria hilo mwezi uliopita, 125,000 zingekuwa mfukoni.

Uchaguzi umeniumiza kichwa wiki nzima, na naandika sababu ili kesho kutwa nisijisute. Technics SL-1200 ndiyo sultani wa mashine hizi, ipo tangu 1972, lakini toleo lake la MK2, ambalo ndilo mitumba mingi, halina mwendo wa 78, na bei yake ingemaliza mchango wote. Nimeangukia Audio-Technica AT-LP120XUSB. Ina 33, 45 na 78. Sahani inazungushwa moja kwa moja na mota isiyojali hezi za ukutani. Nyuma ina swichi ya kuchagua kama priamplifaya yake itumike au irukwe, na ina USB. Kilichoniamulia lakini ni kichwa chake, AT-VM95E. Sindano zote za ukoo wa VM95 zinaingia kwenye mwili ule ule: unachomoa ya kijani, unachomeka nyingine. Ipo ya ncha ya duara, ipo ya ncha nyembamba, na ipo ya 78. Maana yake natafuta mashine moja, halafu nanunua sindano.

Nimemwagiza mashine, na sindano ya akiba ya ncha ya duara. Ya 78 dukani kwao hawana.

Jumamosi, 22 Februari

Imefika salama, imezungushiwa kanzu tatu na blanketi.

Mzani wa sonara umerudi kazini. Nimeuzungusha uzito wa nyuma ya mkono taratibu mpaka kisahani kikasoma 2.0. Nikahesabu mizunguko kwa karatasi yangu ile ile: 45, kamili. Nilicheka peke yangu.

Santuri nyingi hapa zina tundu kubwa la katikati, na kile kidude cha kuzibia kimekuja ndani ya boksi. Wimbo wa kwanza tumeupiga bila kompyuta, kwa spika za kuazima. Shangazi alikuwa jikoni. Alipunguza moto, akabaki amesimama mlangoni na mwiko.

Alhamisi, 27 Februari

Mvumo. Ukiacha sindano juu na kurekodi dakika moja ya kimya, kinasikika kitu kama nyuki ndani ya debe. Nikiangalia chati ya Audacity, programu ninayorekodia, naona milima kwenye hezi 50, 150 na 250. Huo ni umeme wa nyumba umeingia kwenye waya.

Kichwa cha sumaku kinatoa kama milivolti 4. Ni kidogo mno. Priamplifaya inakikuza mara 100 hivi ndipo kiitwe sauti ya kawaida, na kila uchafu ulioingia kabla yake unakuzwa mara 100 vilevile. Kwa hiyo vita ni ya pale mwanzoni.

Nimekwenda hatua kwa hatua na kuandika. Laptopu ikiwa kwenye chaja: kimya kinasimama desibeli 51 chini ya kilele. Nikachomoa chaja, nikaacha betri: 66 chini. Tofauti yote hiyo ni chaja. Ule waya mwembamba wa ethi unaotoka kwenye mashine nikaukaza vizuri kwenye skrubu yake: 72. Kila kitu kwenye ekstensheni moja badala ya soketi mbili za kuta mbili: 74. Simu nikaitupa chumba cha pili, maana kabla ujumbe haujaingia ilikuwa inatia tetete-tetete kwenye rekodi.

Friji la Shangazi limebaki. Likiwaka linapiga tak! moja, inaingia kwenye wimbo kama risasi. Tumekubaliana litazimwa dakika kumi kumi wakati wa kurekodi, kwa sharti kwamba nikisahau kuliwasha samaki ni juu yangu.

Jumatano, 5 Machi

Tumo ndani ya Ramadhani, na nyumba hii haipigwi taarab mpaka Idi. Nimeugeuza mwezi kuwa wa kuosha.

Beseni, maji yaliyosafishwa kwa mvuke, tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita, brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi, na beseni la pili la kusuuza. Tahadhari kwa atakayeiga: dukani ukiomba maji ya betri unaweza kupewa tindikali. Soma chupa. Lebo ya karatasi isilowe, kwa hiyo nimekata vifuniko viwili vya ndoo nikavifanya ngao. Unasugua kufuata mfereji, kamwe si kuukata. Maji ya santuri kumi za kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi, na juu yanaelea ukungu mweupe wa pwani uliokuwa umeota humo miaka yote.

Zile za 78 sikuziosha hivyo. Zimetengenezwa kwa utomvu wa shelaki, si plastiki, na spiriti inaziyeyusha. Ndugu mmoja alinishauri spiriti ya hospitali, kwa nia njema. Kwa plastiki watu hubishana, kwa shelaki ni kuua. Hizo nimezipangusa kwa kitambaa kikavu, nikazirudisha kwenye mifuko zikisubiri.

Kila moja inapigwa picha ya lebo, pande zote mbili. Nanakili na ile namba iliyokwaruzwa kwenye plastiki tupu karibu na lebo, kwa kuwa lebo zingine zimeliwa na mende na namba hiyo ndiyo cheti pekee kilichobaki.

Zilizooshwa: 88.

Jumamosi, 12 Aprili

Sasa kadi ya sauti, jambo ambalo kundini wanaona ndilo kubwa kuliko yote.

Ninazo njia tatu mezani. Ya kwanza ni USB ya mashine yenyewe: waya mmoja, basi. Inatoa biti 16, mwisho kilohezi 48. Ya pili ni Behringer UFO202, kijidude kidogo kuliko kiberiti viwili, kina priamplifaya ya RIAA ndani, nacho ni biti 16 na kilohezi 48. Nimeazimwa na mtu wa redio. Ya tatu ni Focusrite Scarlett 2i2 ya dogo mmoja wa mtaani anayerekodi singeli chumbani kwake, ukuta umebandikwa trei za mayai. Hiyo inafika biti 24 na kilohezi 192, ila haina tundu la santuri. Inabidi swichi ya mashine iwekwe LINE ili priamplifaya ya ndani ifanye kazi, halafu nyaya za RCA, zile za pini nyekundu na nyeupe, ziingie kwa plagi nene za kama gitaa. Dogo alinionya kitu kimoja cha maana: kitufe cha volti 48 kizimwe, hicho ni cha maikrofoni.

Nimechukua santuri moja iliyooshwa vizuri, nikairekodi kwa njia zote tatu, nikasawazisha sauti, nikazichanganya bila majina. Wasikilizaji: Shangazi, dogo, na mimi.

Hakuna aliyezitenga. Dogo alijaribu mara sita akapata mbili, sawasawa na kubahatisha kati ya tatu.

Nilipokaa kufikiri nikaona haishangazi. Biti 16 zina nafasi ya desibeli 96 kati ya kimya na kilele. Santuri nzuri mpya inatoa 60, tuseme 70. Hizi za Shangazi, zilizopita kwenye sindano nzito na sarafu ya sungura, sijui kama zinafika 45. Unamimina kikombe kwenye ndoo, kisha unauliza kama pipa lingekuwa bora.

Hata hivyo nimechagua Scarlett, na sababu si masikio. Ni kitasa cha kuongeza na kupunguza sauti. Santuri za 45 zilichongwa kwa nguvu zisizolingana, moja inanong'ona, inayofuata inapiga kelele. USB ya mashine haina pa kupunguza, na sauti ikigonga dari imekatwa, hairudi. Kwa kitasa na biti 24 naweka kilele desibeli 12 chini ya dari na siangalii tena mpaka jioni. Biti za ziada ni uvivu wangu nimeununua. Vilevile IASA, chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti, kwenye mwongozo wake TC-04 wanataka isipungue biti 24 na kilohezi 48, na mimi nimekwenda 96 kwa kuwa diski ina nafasi na mipasuko inaonekana vizuri zaidi ikiwa imechorwa kwa vitone vingi.

Ila sitainunua. Dogo ananikodisha Ijumaa jioni mpaka Jumapili kwa 10,000. Alitaka badala yake apewe vipande vya gitaa atie kwenye singeli. Nimekataa, haki za nyimbo hizi si zetu, sisi tunatunza nakala ya nyumbani.

Pesa iliyookoka imeagiza sindano mbili: moja ya VM95 ya ncha nyembamba, na ile ya 78.

Jambo dogo lililonila saa mbili: kiwango cha sampuli, yaani zile kilohezi, lazima kiwe kile kile kwenye Windows na kwenye Audacity. Mimi upande mmoja nilikuwa 48, mwingine 96, na kompyuta ilikuwa inabadilisha katikati kimya kimya.

Jumapili, 20 Aprili

Umeme ulikatika katikati ya upande B. Laptopu ikaendelea kurekodi kwa betri, kwa uaminifu mkubwa, sahani ikisimama na kwaya nzima ikizama baharini. Nimelihifadhi faili hilo kwa vichekesho vya kundini.

Jumamosi, 3 Mei

Sindano ya ncha nyembamba imefika, na leo ndiyo siku niliyokuwa naisubiri tangu Januari.

Santuri ile ile, kadi ile ile, waya ule ule. Nimepiga kwa ncha ya duara, kisha ya kijani iliyokuja na mashine, kisha nyembamba. Hapa hapakuhitajika mchezo wa kufichana. Herufi "s" za mwimbaji, ambazo kwa ncha ya duara zilikuwa zinatoka kama mafuta yanamiminiwa maji, zimetulia. Kuna bongosi nyuma ya gitaa hata Shangazi alikuwa amezisahau. Nadhani ncha nyembamba inagusa ukuta wa mfereji mahali ambapo sindano nene za zamani hazikufika, kwa hiyo pale plastiki bado ni bikira. Lakini si kwa zote: santuri mbili zilizochakaa kupita kiasi zimesikika vibaya zaidi, kila kovu linahesabika, na hizo nimezirudisha kwenye ncha ya duara. Basi kila santuri inapewa jaribio la sekunde 20 kwa sindano mbili kabla ya kurekodiwa. Inachosha. Nimewaandikia kundini kwamba kadi tatu hazikutofautiana na sindano tatu zimetofautiana, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha.

Mambo mengine mawili ya leo.

Nyimbo hizi za 45 nyingi ni za mono, lakini narekodi njia zote mbili. Uchafu hutikisa sindano juu na chini, muziki wa mono huitikisa kushoto na kulia. Ukijumlisha njia mbili baadaye, sehemu kubwa ya uchafu wa juu-chini inajifuta yenyewe. Na kuna santuri ukuta mmoja wa mfereji umeliwa kuliko mwenzake, hapo naacha kujumlisha, nachukua upande mzima tu.

La pili ni tundu. Kuna santuri tundu lake halikutobolewa katikati kamili, na unaona mkono wa mashine ukicheza dansi kushoto-kulia. Milimita moja tu inatosha kuyumbisha sauti juu na chini kila sekunde moja na theluthi, kinanda kinakuwa kama kimelewa. Dawa yake imekuwa ni lile lile tundu kubwa: natoa kidude cha katikati, naiweka santuri huru juu ya mpira, naisukuma kwa kidole nusu milimita, natazama mkono, nasukuma tena. Ukitulia, narekodi. Moja ilinichukua robo saa. Shangazi alinitazama akauliza kama naisomea.

Usafishaji kwenye programu nimeupunguza sana. Mpasuko mkubwa mmoja mmoja naukuza kwenye skrini na kuushona kwa mkono; Audacity inaruhusu vitone 128 kwa mshono mmoja, ambavyo kwa kilohezi 96 ni milisekunde moja na kidogo. Ile kazi ya kuondoa mchakarisho wote kwa pigo moja niliijaribu. Fidla ikatoka kama inapigiwa ndani ya mtungi. Nimeiacha.

Jumamosi, 17 Mei

Kila santuri sasa ina nakala mbili: FLAC (faili lisilopunguza chochote cha sauti) isiyoguswa, imeandikwa sindano gani na kwamba RIAA ilipita, kwenye diski mbili, moja yangu, moja itakwenda Maskati. Na MP3 kwa ajili ya flashi, maana redio ya Shangazi haijui kitu kingine.

Za 78 bado. Sindano yao haijafika, na sitaziweka chini ya ncha ya sasa. Mifereji yao inataka ncha ya maikromita 75 hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), yangu ni ya 18, ingetembea chini kabisa kwenye takataka. Siti binti Saad na wenzake walikwenda hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV. Santuri za zama hizo zinaweza kunisubiri miezi miwili. Tena kabla ya RIAA kila kampuni ilikuwa na kipimo chake, hiyo ni kazi nyingine na shajara nyingine.

Leo asubuhi nimempelekea flashi ya kwanza. Nilikuwa nimejifanya fundi. Nyimbo ndefu za enzi hizo zilikatwa mbili, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B, nami nikaziunganisha kwenye kompyuta, gitaa linaishia hapa na kuanza hapo hapo, hakuna mshono unaosikika. Nilijivunia.

Shangazi alisikiliza mpaka pale penye muungo. Mkono wake ukaanza kuinuka kutoka kwenye kiti, wimbo ukapita bila yeye.

"Mbona hakuna kugeuza?"

Nikamweleza.

"Hapana, mwanangu. Pale ndipo watu walikuwa wanaagiza chai."

Nimezitenganisha tena, A peke yake, B peke yake, na sekunde nane za kimya katikati. Zilizokamilika ni 63. Za 45 zimebaki 151, na Ijumaa dogo ana harusi ya kurekodi, kwa hiyo Scarlett haipo mpaka wiki ijayo.